Pima gita lako likiwa baridi

Haya, wadogo zangu, sogeeni. Leo naongea na wale wa gita la nyuzi za nailoni, wanaokaa na mguu wa kushoto juu ya kibao, karatasi ya nota imeshikiliwa kwa kibanio cha nguo, huku jirani akiuliza ukutani kwa nini wimbo huu haufiki mwisho.

Mmoja wenu ameniandikia ujumbe mrefu. Kila akitoka kazini anafanya mazoezi ya saa nzima. Ana daftari, na kila usiku anaandika: skeli dakika kumi na tano, arpejo dakika kumi, etudi nusu saa. Katika zile etudi 25 za Matteo Carcassi, opasi ya 60, amefika ya saba, ile ya nota zinazorudiwarudiwa haraka karibu na tremolo. Tatizo lake ni kwamba usiku anaipiga vizuri mpaka anajipongeza, kesho yake akilishika gita anakuta vidole vimesahau kila kitu. Akiombwa apige mbele ya wageni ndiyo kabisa. Anauliza kama anaendelea au anajidanganya, na kama ahamie ya nane ili asikwame.

Mdogo wangu, tulia kwanza. Huenda unaendelea vizuri tu, ila daftari lako haliwezi kukuambia, kwa sababu linaandika muda uliokaa kwenye kiti. Dakika ni kama nauli: umelipa, sawa, lakini risiti haisemi umeshukia kituo gani.

Sikiliza kinachotokea saa tatu usiku. Umerudia baa nne zilezile mara nyingi, mkono umepata moto, sikio limezoea, na kila mara unayopiga inabebwa na ile uliyopiga sekunde chache zilizopita. Mwisho inatoka safi. Unafunga gita kwenye mfuko wake ukiwa na furaha, na unastahili furaha hiyo. Lakini usiku ule hujajua bado kama umejifunza kitu. Utajua kesho, mara ya kwanza utakapoipiga, kabla ya skeli, kabla ya mkono kukumbushwa chochote. Kinachotoka pale ndicho chako. Kilichobaki ni mkopo, na usiku ukipita unadaiwa.

Kwa hiyo ushauri wangu wa leo wote unaanzia hapo: pima gita lako likiwa baridi.

Namna yenyewe ni rahisi. Tuni gita. Weka simu mezani, mbali kidogo, washa kinasa sauti. Chagua kasi ambayo unajua utamaliza nayo, si ile unayoitamani. Piga etudi yako mara moja, mwanzo hadi mwisho, bila kusimama na bila kurudi nyuma kurekebisha. Ukikosea, pita. Zima simu. Sasa chukua kalamu kabla hujafanya kingine chochote, maana ukianza kurekebisha tu, utasahau ilivyokuwa.

Neno moja la tahadhari: kupima baridi hakumaanishi kuparamia tremolo kwa kasi ya tamasha wakati vidole vimetoka kushika usukani au kufua nguo. Kasi iwe ya wastani, hata ya chini. Tunapima kumbukumbu ya mkono na utulivu wake. Misuli iache ipate moto kwa wakati wake.

Kwenye daftari uandike nini? Hapa ndipo wengi mnapotea. "Leo vibaya" haisaidii. "Leo nimekosea sana mstari wa pili" angalau imetaja mahali, ila bado haijataja kidole. Mfano wa maandishi ninayoyataka ni huu: "Sor, opasi 35 namba 22. Mapigo 72. Mstari wa pili, ninapobadili kodi nikiwa nimelaza kidole cha kwanza, uzi wa pili umekufa. Kiwiko kilikuwa kimebana ubavuni. Kesho: badiliko hilo tu, mkono wa kushoto peke yake." Basi. Mistari minne. Ina mahali, ina kilichoharibika, ina kisa unachokishuku, na ina kazi moja ya kesho. Huenda kisa ulichokishuku si chenyewe, na hilo halina ubaya wowote. Kesho utajaribu, ukiona kiwiko hakihusiki unaandika hivyo, unatafuta kingine. Baada ya wiki kadhaa utaanza kuona jina moja likijirudia. Kwa mwingine ni kidole cha pete cha mkono wa kulia, kila mahali, katika kila etudi. Kwa mwingine ni bega. Ukifika hapo umepata kitu ambacho hata mwalimu mzuri hukigundua baada ya kukusikiliza kwa muda mrefu.

Na kwa kuwa nimemtaja Sor, niwape na hili dogo linalowachanganya wengi. Fernando Sor, mzaliwa wa Barcelona mwaka 1778, aliandika etudi zake katika mafungu mengi: opasi 6, 29, 31, 35, 44 na 60. Mwaka 1945 Andrés Segovia alichagua 20 kati ya hizo akazitoa katika kitabu kimoja, akazipa namba zake mwenyewe. Ile ya B ndogo inayopendwa sana, opasi 35 namba 22, kwa Segovia ni namba 5. Sasa wewe ukiandika "Sor namba 5" daftarini, na mwakani ukanunua kitabu kingine, hutajua ulikuwa unazungumzia nini. Andika opasi. Inakuchukua sekunde mbili.

Turudi kwenye kasi, maana najua wengi mmeng'ang'ania metronomu. Siilaumu. Kifaa hicho kiko duniani tangu Maelzel alipokisajili mwaka 1815, na leo kipo bure ndani ya simu ya kila mmoja wenu. Tatizo ni namba. Namba ni tamu. Wiki hii 80, wiki ijayo 88, ile ijayo 96, na moyo unafurahi kama wa mtu anayeona salio linapanda. Wakati huohuo kidole gumba cha kushoto kinazidi kuubana mpini kwa nyuma, meno yanasagana, pumzi imekatika tangu baa ya tatu. Namba imepanda na mkono umeshuka. Siku moja utafika 104 na itagoma kabisa, utadhani umefika mwisho wa kipaji chako. Kipaji hakihusiki hapo. Kasi yote uliyoipandisha ulikuwa umeijenga juu ya mkono uliokaza.

Ndiyo maana nataka uandike kasi mbili. Ya kwanza niiite kasi safi: ile unayoweza kupiga kifungu mara tatu mfululizo, nota zote zimelia, mabega yako chini, na unaweza kuvuta pumzi huku unapiga. Ya pili ni kasi ya juu kabisa unayoweza kuifikia hata kama inachechemea. Pengo kati ya hizo mbili linaeleza mengi kuliko namba yoyote peke yake. Kasi safi ikipanda huku ile ya juu imesimama, usihuzunike. Hiyo ni moja ya habari njema kabisa ambazo daftari linaweza kukupa. Ile ya juu ikikimbia na safi imebaki palepale, punguza mbio.

Na usisahau upande wa pili wa metronomu, ambao hakuna anayejisifia: kwenda polepole. Chukua etudi unayojidai unaijua, iweke katika mapigo 40, kila pigo nota moja. Wengi mtapotea njiani. Kwa kasi ya kawaida mkono ulikuwa unateleza kwa mazoea, kichwa hakijui nota inayofuata ni ipi. Mtu anayeweza kuipiga pole, kwa sauti nzuri, bila kupotea, huyo mbele ya wageni hatetemeki sana, kwa sababu hata mkono ukishtuka kichwa kinajua kilipo.

Sasa tushike gita tufanye kitu kimoja pamoja, hapohapo ulipo. Weka kidole cha pili cha mkono wa kushoto kwenye uzi wa tatu, freti ya tano, karibu kabisa na chuma cha freti bila kukikalia. Usikandamize. Kidole kiwe kimegusa tu. Piga uzi kwa kulia mfululizo, taratibu, kidole cha shahada na cha kati vikipokezana. Utasikia sauti iliyokufa, tup, tup, tup. Sasa ongeza uzito kidogokidogo. Sauti itaanza kuzizima na kukwaruza. Ongeza tena kidogo. Ghafla nota inafunguka, safi. Simama hapo. Uzito huo ulioufikia ndio wote unaohitajika. Sasa jiulize kwa kawaida unatumia kiasi gani. Ukiwa mkweli utakuta unakandamiza mno, na kila nota unayoikandamiza kupita kiasi inachelewesha ile inayofuata, maana kidole kinabidi kiachie kwanza ndipo kihame. Fanya jaribio hili kila Jumapili, vidole vyote vinne, uandike kipi kinang'ang'ania. Kidole kidogo kina tabia hiyo sana kwa sababu kinajiona dhaifu.

Haya ndiyo maendeleo ambayo metronomu haiyaoni. Mwezi wa kwanza, baada ya etudi moja yenye kulaza kidole, unakung'uta mkono. Mwezi wa nne unaipiga mara tatu na mkono haulalamiki. Kasi ni ileile! Mtu wa namba atasema hakuna kilichobadilika. Wewe andika: "Nimemaliza bila kuchoka." Tena upigie mstari.

Mkono wa kulia una mambo yake. Mnajua herufi zake kwenye nota: p ya kidole gumba, i ya kidole cha shahada, m ya cha kati, a ya cha pete. Mauro Giuliani, Mwitaliano aliyekuwa akifanya kazi Vienna, alitoa opasi yake ya kwanza mwaka 1812 ikiwa na mazoezi 120 ya mkono wa kulia, na mkono wa kushoto akaupa kodi mbili tu, C na G ya saba, zikibadilishana mwanzo hadi mwisho. Watu wanayakimbia wakisema yanachosha. Mimi nayapenda kwa sababu hiyohiyo. Kushoto hakuna kazi ya maana, kwa hiyo sikio lote linabaki kulia, na huwezi kusingizia kodi ngumu pale kidole cha pete kinaposikika chembamba kuliko wenzake.

Kidole cha pete kwa kweli kinaonewa. Kwa wengi wetu hakiwezi kwenda kwa uhuru bila kumvuta jirani yake, cha kati au kidogo, na katika arpejo nyingi ndicho kinachobeba wimbo, kwa vile kinakaa kwenye uzi wa kwanza. Chukua etudi ya tatu ya Carcassi, ile ya A kubwa: wimbo uko juu, arpejo inatembea chini yake. Ukirekodi na kusikiliza ukakuta unasikia arpejo tu na wimbo umezama, umejua kazi yako. Piga nota za wimbo peke yake kwa kidole hicho, kwa sauti nono, mpaka uweze kuziimba. Halafu rudisha zile za chini kwa unyenyekevu, kama wasindikizaji. Andika daftarini: wimbo unasikika au hausikiki? Ndiyo au hapana. Hakuna haja ya asilimia.

Kuna anayeuliza ashike etudi ngapi kwa wakati mmoja. Kwa mtu mwenye kazi, watoto, na umeme unaokatika, tatu zinatosha. Moja mpya unayoisoma. Moja unayoisafisha. Na moja ya zamani, uliyoimaliza zamani, ambayo kazi yake ni kupimia tu. Hiyo ya tatu ndiyo wengi hawana. Mtu akimaliza etudi anaiacha kama nguo iliyombana, anakimbilia ya mbele, na mwaka ukiisha anajivunia amefika ya kumi na mbili, lakini ukimwomba ya pili hana. Iache ya zamani ikae. Kila mwanzo wa mwezi irekodi ikiwa baridi, kasi ileile, simu palepale, kiti kilekile. Faili liite jina la mwezi. Usilisikilize siku hiyo. Ukisikiliza papo hapo bado unasikia ulichokusudia, si ulichopiga. Sikiliza kesho yake, tena ukiwa na kazi nyingine mkononi, unachambua mchele au unapiga pasi. Mahali utakapojikuta umeacha pasi na kukunja uso, hapo ndipo penye tatizo.

Unasikiliza nini? Kwanza mapigo: mwenzio asiyejua muziki anaweza kutikisa kichwa sambamba na wewe? Pili, besi: zimekatwa kabla ya wakati wake? Hili ni kosa la wengi, kidole kinanyanyuka mapema kwenda kodi inayofuata na besi inakufa ikiwa na haki ya kuishi pigo zima. Tatu, ule mkwaruzo wa nyuzi nene mkono unapohama. Kidogo unavumilika, ukiusikia kila mara, vidole vinaburutwa badala ya kuinuliwa. Baada ya miezi mitatu weka faili la kwanza na la mwisho moja baada ya jingine. Nawajua, wengine mtalia.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa etudi ya saba: anza kuisoma ya nane, sijakukataza. Lakini ya saba usiiache mpaka itoke baridi. Na zile nota zinazorudiwa, amua vidole na uviandike juu ya nota kwa penseli. Ukitaka iwe ngazi ya kufikia tremolo ya mtunzi Tárrega baadaye, tumia p, a, m, i, na ubaki nayo. Wengi wanaosahau kesho yake hawana tatizo la kumbukumbu hata kidogo. Jana walitumia i na m, leo a na m, na mkono umefundishwa nyimbo mbili tofauti zenye sauti moja. Angalia alichofanya Heitor Villa-Lobos katika etudi ya kwanza ya zile 12 alizomwandikia Segovia: mpangilio mmoja wa vidole vya kulia, nota 16 kwa kila baa, unashikiliwa karibu etudi nzima, kodi tu ndizo zinabadilika. Mkono unajua njia yake, kichwa kinabaki huru kusikiliza.

Najua na fitina za nyumbani. "Kila siku titi titi, lini utapiga wimbo?" Shangazi kaja kutoka kijijini, ameambiwa mwanetu anajua gita, wewe unampigia arpejo ya kodi mbili. Msimlaumu. Watu wetu wana sikio la gita la vidole tangu zamani. Mwenda Jean Bosco wa Katanga, aliyeimba Kiswahili na ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952, alikuwa akipiga kwa kidole gumba na cha shahada tu, na kwa vidole hivyo viwili alitoa besi, wimbo na mapambo yake, watu wanadhani kuna magita mawili. Shangazi alikulia na muziki wa namna hiyo redioni. Kwa hiyo weka kipande kimoja kifupi tayari wakati wote, Lágrima ya Tárrega kwa mfano, au mpangilio rahisi wa wimbo anaoujua mwenyewe. Tena mtumie shangazi kama kipimo: kupiga mbele ya mtu ni baridi kuliko baridi yote. Akiondoka, andika kilichotokea. Mikono ilitoka jasho? Ulikimbia kasi? Wengi hukimbia mwanzoni, baa nne za kwanza, kisha wanatulia. Ukilijua hilo, siku nyingine anza chini ya kasi yako kwa makusudi.

Sasa mambo ya kucha, wasichana sogeeni zaidi. Kucha za kushoto ziwe fupi mpaka kidole kikisimama wima kwenye meza, ukucha usigonge. Hakuna namna nyingine. Bandia za harusi ya rafiki yako zitasubiri, au utasubiri wewe. Za kulia ndizo zenye mjadala: unaziacha zitokeze kidogo, unazilainisha kwa msasa mwembamba kabisa mpaka zisikwaruze hata soksi. Zitavunjika. Mtu anayesugua masufuria na kufua kwa mkono atavunja kucha, na siku moja utavunja ule wa kidole cha kati siku mbili kabla ya kupiga kanisani. Usifunge gita. Sor mwenyewe alipiga kwa nyama ya kidole bila kucha, ilhali rafiki yake Dionisio Aguado alitumia kucha, na Sor akaandika kipande cha magita mawili, Les deux amis, wakapige pamoja. Piga bila kucha, ila andika daftarini kwamba umepiga bila kucha, usije mwezi ujao ukashangaa kwa nini rekodi ile ina sauti nzito.

Maumivu sitayafanyia mzaha. Ncha za vidole kuwasha wiki za mwanzo ni kawaida, ngozi inakomaa. Maumivu ya kifundo cha mkono, ganzi, vidole kuchomachoma usiku, au kidole kinachojikunja chenyewe bila kuagizwa, hayo si ya kuvumilia. Simama siku hiyohiyo, na yakirudi nenda kwa daktari. Wapo wapigaji wakubwa waliopoteza matumizi ya mkono kwa miaka. David Leisner wa Marekani ni mmoja wao. Aliathirika mkono wa kulia kiasi cha kuacha majukwaa, akajijenga upya polepole mpaka akarudi. Saa nzima mfululizo si sheria. Dakika ishirini, unapumzika, unaosha vyombo (kwa glavu!), unarudi dakika ishirini tena. Kichwa pia kinapenda hivyo.

Wasio na mwalimu mnauliza mtajuaje mnachokosea. Kamera ya simu. Iegemeze mahali pa juu ikiuangalia mkono wa kulia, siku nyingine wa kushoto. Kwa kulia angalia kifundo: kimepinda kama shingo ya bata, au kimetulia? Vidole vinarudi kuelekea kiganja baada ya kupiga, au vinaruka nje hewani? Kinachoruka mbali kitachelewa kurudi, ndio mwisho wa kasi yako. Video za wataalamu tazameni, lakini zima sauti mara moja moja mwangalie mikono tu. Mtashangaa jinsi wanavyotembeza vidole kidogo.

Na mitihani? Ile ya bodi za mitihani ya muziki, ABRSM na Trinity, inafanyika kwetu huku Afrika Mashariki, na kwa anayeweza kumudu ada ni jambo zuri, hasa kwa kuwa kuna mtu mgeni atakayekusikiliza kwa makini. Katika ABRSM alama ni 150, kufaulu ni 100. Lakini karatasi hiyo inapima siku moja ya mwaka. Nimeona vijana wanaokaa na vipande vitatu vya mtihani miezi tisa, wakifaulu hawana kitu cha nne. Etudi zenu ziendelee pembeni, kimyakimya, hata dakika kumi.

La mwisho ni nyuzi, kwa sababu zinaharibu vipimo vyenu bila nyinyi kujua. Uzi wa nailoni ukichoka hautuni sawasawa. Ukiuweka sawa ukiwa wazi, freti ya kumi na mbili inalia pembeni, na besi zinakuwa kama zimefunikwa blanketi. Kwenye joto la pwani na jasho la vidole, zile nene zinaanza kuchakaa mapema hasa juu ya freti mbili tatu za kwanza. Mtu anasikiliza rekodi ya Machi na ya Juni, anasema sauti yake imeshuka, kumbe nyuzi ndizo zimekufa. Kila unapobadilisha, andika tarehe daftarini. Na wala usikubali kufungiwa nyuzi za chuma kwenye gita la nailoni eti za nailoni zimeisha dukani. Nyuzi sita za nailoni zinavuta takriban kilo 40. Za chuma za kawaida zinapita kilo 70. Daraja lililogundishwa mbele ya gita halikutengenezwa kwa mvuto huo. Litaanza kunyanyuka upande wa nyuma, mwanya mwembamba unaoweza kupitisha karatasi, na ukishauona legeza nyuzi zote hapohapo, upeleke gita kwa fundi kabla halijang'oka na ubao wake.